Chuo Kinachofaa na Mfuko Tulio Nao

Maneno haya yalisemwa na ofisi yetu ya maendeleo ya jamii katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia hapa Garissa. Vikundi ambavyo havikufika vimeomba tuyachape. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

  

Leo tuna jambo moja tu. Watoto wetu wamemaliza kidato cha nne, matokeo ya KCSE yametoka, na barua za vyuo zimeanza kufika. Furaha ipo. Lakini kila mwaka ofisini kwetu tunapokea mzazi mwenye barua mbili mkononi. Moja ni ya chuo ambacho mtoto anakitaka na kinamfaa, lakini karo yake inatisha. Nyingine ni ya chuo ambacho pesa yetu inaweza kukifikia, lakini moyo wa mtoto hauko huko. Mzazi anauliza, "Tufanye nini?" Na mara nyingi anayeulizwa zaidi ni kikundi, kwa sababu kikundi ndicho chenye sanduku.

Hivi sasa kuna kikundi kimoja cha shamba kando ya mto Tana ambacho kimegawanyika kwa sababu ya jambo hili. Wametupa ruhusa tuwataje bila majina. Binti wa mwanachama wao amepata C+ na anataka uuguzi. Ana barua ya digrii katika chuo kikuu cha binafsi Nairobi, na ana nafasi ya diploma ya uuguzi katika chuo cha serikali kilicho karibu. Sandukuni mna shilingi 160,000, na pesa hizo ziliwekwa kwa ajili ya pampu mpya ya maji. Jumamosi wanakaa kuamua. Tutarudi kwao. Kwanza tuseme ukweli wetu sisi wenyewe.

Kosa letu

Mwaka 2021 tulisaidia kuandaa harambee ya kijana mmoja aliyeitwa na chuo cha binafsi mjini. Harambee ilifana. Chifu alikuja, wafanyabiashara wa soko la mifugo walikuja, watu walitoa mbuzi. Karo ya mwaka wa kwanza ikapatikana yote, na sisi tulikuwa wa kwanza kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza juu ya mwaka wa pili.

Mnakumbuka yaliyofuata. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ikafa, na ile iliyobaki ikauzwa kwa bei ya kutupa. Baba wa kijana alikuwa amepanga kuuza ng'ombe, na ng'ombe hawakuwapo tena. Mwaka wa pili kijana akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Akakaa muhula mmoja, akakaa mwaka. Leo hana cheti, ana deni, na watu wakimwona njiani wanasema, "Si huyu ndiye tuliyemchangia?" Aibu ile si yake. Ni yetu tuliohesabu mwanzo tu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akachekwa na watu baada ya kuweka msingi na kushindwa kumaliza. Sisi tuliweka msingi, ndugu zetu, lakini aliyechekwa ni kijana.

Na kosa la upande wa pili

Sasa msije mkasema, basi tuchague tu kile cha bei ndogo. Hilo nalo tumeliona. Kulikuwa na kijana mwingine mwenye mkono wa mitambo. Pampu ya kikundi ikiharibika, ni yeye aliyeifungua na kuifunga. Wazee wakasema aende ualimu, kwa sababu nafasi ilikuwa karibu na karo ilikuwa nafuu. Akaenda kwa heshima. Mihula miwili tu, akaacha. Chuo hakikuwa na kosa lolote. Ni kwamba hatukumuuliza. Sasa anajifunza kwa fundi gereji, na karo ya mihula miwili imekwenda na maji.

Kwa hiyo kuna hasara mbili: ya kuanza kitu kizuri tusichoweza kukimaliza, na ya kulipia kitu cha bei nafuu ambacho mtoto hatakimaliza. Zote mbili huishia mahali pamoja, mtoto nyumbani bila cheti. Ndiyo maana tunawaombeni mbadilishe swali. Badala ya kuuliza chuo gani ni kikubwa, au chuo gani ni rahisi, ulizeni: ni chuo gani mtoto huyu, na sisi hawa, tutaweza kukifikisha mpaka muhula wa mwisho?

Kuhesabu yote

Wazee walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Ukipenda chuo, penda na gharama zake zote. Karo ni sehemu tu. Chukueni karatasi, mwandike: karo ya kila mwaka mara miaka yote, hosteli, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, sare na vifaa, ada ya mitihani, na miezi ya mazoezi ya kazi, ambayo mara nyingi mwanafunzi halipwi na bado anakula. Kutoka Garissa mpaka Nairobi ni kama kilomita 370, na barabara yenyewe mnaijua. Novemba 2023 mafuriko yaliikata upande wa Madogo na watu wakakwama. Msafiri akikwama, pesa inatoka.

Tulikaa na mama wa yule binti tukafanya hesabu. Digrii: karo 190,000 kwa mwaka, na hosteli na chakula 10,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 90,000. Jumla 280,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 1,120,000, kabla ya nauli. Mama alinyamaza. Alikuwa amebeba kichwani ile 190,000 peke yake.

Diploma ya karibu: karo 85,000 kwa mwaka. Akilala nyumbani, chakula, usafiri na vifaa kama 27,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 336,000. Tofauti ni kubwa mno. Tukadhani kazi imekwisha.

Alichosema binti

Hapo ndipo tulipokumbuka kumuuliza mwenyewe. Alikuwa ameketi nyuma, kimya. Akasema, "Sikatai diploma. Naogopa nyumbani. Nikilala nyumbani nitateka maji, nitapika, nitalea wadogo, na kabla sijafika mwaka wa pili mtu atakuja kunioa."

Ndugu zetu, maneno haya tuyapokee. Sisi tulidhani anapenda Nairobi kwa ajili ya jina, kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kusomea. Kufaa kwa chuo si kozi peke yake. Ulizeni mambo manne. Je, kozi inalingana na alama na kipaji chake? Je, kozi yenyewe inatambuliwa? Kwa uuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya lazima liwe limeidhinisha chuo hicho kufundisha. Kama halikuidhinisha, mtoto atamaliza na hatasajiliwa. Je, mahali penyewe pana usalama na utulivu wa kusoma? Na je, mwenyewe anasemaje?

Basi tukarudia hesabu, safari hii na hosteli ya karibu na chuo: 72,000 kwa mwaka pamoja na chakula. Ukijumlisha karo 85,000, ni 157,000 kwa mwaka, na 471,000 kwa miaka mitatu. Ni zaidi ya 336,000, ndiyo. Lakini bado haifiki nusu ya digrii ile, na hofu yake imepata jibu.

Vyuo vilivyo mlangoni

Kuna watu wanaosema chuo cha Garissa ni cha waliokosa. Tuwaambie ukweli. Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Garissa. Kilianza kama chuo cha walimu, mwaka 2011 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tuna kampasi ya KMTC inayofundisha kazi za afya. Tuna chuo cha ufundi cha kitaifa cha North Eastern.

Wazazi wengine wanaogopa, na woga wao tunauheshimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale chuo kikuu, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu kutoka pande zote za Kenya. Hatutawasahau, na tunaendelea kuwaombea. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Mzazi mwenye swali la usalama asione haya. Aende chuoni, atazame hosteli na mlinzi wa lango, azungumze na wanafunzi waliopo, kisha aamue.

Jambo lingine ni hili. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondolewa katika shule za kwetu. Madarasa yalibaki na watoto bila mwalimu. Tulijifunza kwa uchungu kwamba mkoa usiosomesha walimu na wauguzi wake utabaki ukingoja wa kuazima. Mtoto anayesomea kazi hizo hapa karibu hajapewa makombo.

Lakini hatusemi karibu ni bora siku zote. Kama mtoto amepata alama za udaktari au uhandisi, na kozi hiyo haiko hapa, basi mbali ndiko kwake, na kazi yetu ni kutafuta njia.

Njia za kupunguza mzigo

Ya kwanza ni kutafuta kozi ile ile mahali pengine. Kabla ya kukubali chuo cha binafsi, tazameni kama kozi hiyo iko katika chuo cha serikali. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi, huwapa wanafunzi muda wa kubadilisha chaguo zao, na muda huo ukipita umepita. Jueni pia kwamba mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioletwa na Serikali mwaka 2023 ulitenga ruzuku kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma. Wa vyuo vya binafsi wakabaki na mkopo tu. Mpango huo ulipelekwa mahakamani, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaukataa, na Serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo msitegemee habari za mwaka jana. Kila mwaka ulizeni upya, hata pale Huduma Centre.

Ya pili ni ngazi. Si lazima mtu aruke mpaka juu kwa siku moja. Mwenye cheti huweza kwenda diploma, na mwenye diploma huweza kwenda digrii baadaye, akiwa na kazi na mshahara wake. Ngazi ina ubaya wake, tuseme wazi: inachukua miaka mingi, na si kila chuo kikuu kinampunguzia masomo mwenye diploma. Ulizeni mapema. Lakini kila kipandio kina karatasi yake, na njaa ikija katikati mtoto anabaki na kitu mkononi.

Ya tatu ni mkopo na basari. Bodi ya HELB ilianzishwa mwaka 1995, na inakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kati pia. Mkopo ni deni, utalipwa. Na una riba: kwa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ndugu zetu Waislamu wametuambia wazi kwamba riba inawazuia. Hatuna haki ya kuwafundisha dini yao. Waulize masheikhe wao, na kikundi kisimdharau mzazi anayekataa mkopo kwa ajili ya imani. Huyo atafutiwe basari zaidi, ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge na ile ya kaunti.

Kwa haya yote kijana anahitaji karatasi zake, na kitambulisho ndicho cha kwanza. Kwa miaka mingi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera walipitia kamati za uchunguzi wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, na wengine walikosa nafasi za masomo kwa kungoja. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada umekwisha. Basi msingoje barua ya chuo. Kijana akifika miaka 18 mpelekeni akaandikishwe.

Na neno moja la hekima juu ya basari: msiihesabu kabla haijafika. Mkono mtupu haulambwi. Pesa ya ahadi iandikwe upande wake, na pesa iliyopo upande wake.

Sanduku la kikundi

Sasa turudi kwa kile kikundi cha mtoni. Wanachama ni 20, kila mmoja anatoa 400 kwa mwezi, yaani 8,000, na kwa mwaka 96,000. Wengine wanasema ile 160,000 yote iende kwa binti, pampu itangoja. Wengine wanasema pampu kwanza.

Wacha tuseme tunavyoona. Ile michango inatoka wapi? Inatoka kwenye ndizi na matikiti. Na ndizi zinatoka kwenye maji. Pampu ya sasa ni mgonjwa. Ikifa, michango inakufa, na karo ya mwaka wa pili inakufa. Kikundi kitakuwa kimemla kuku wa mayai kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo tunashauri pampu inunuliwe.

Halafu kikundi kiahidi nusu ya mchango wa kila mwaka, yaani 48,000, kwa miaka yote mitatu, na iandikwe katika kitabu cha mwekahazina. Familia imesema inaweza 60,000 kwa mwaka ikiuza mbuzi mapema, kabla ya kiangazi, wakati bei bado ni nzuri. Jumla 108,000. Kwa diploma na hosteli pengo ni 49,000 kwa mwaka. Kwa digrii ile pengo ni 172,000 kwa mwaka. Pengo la 49,000 linaweza kuzibwa kwa basari, kwa mkopo kama wanaukubali, au kwa mchezo wa kuchangiana kwa zamu, ule ayuto wa akina mama, mama akipewa zamu yake mwezi wa karo. Pengo la 172,000 hatujui mtu wa kuliziba.

Vikundi vyote tunawaomba mshike mambo haya manne:

1. Msitoe ahadi ya mwaka mmoja kwa kozi ya miaka mitatu. Kiasi kidogo kinachofika kila muhula ni bora kuliko harambee kubwa ya siku moja.

2. Karo ipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti isomwe mkutanoni.

3. Mtoto mwenyewe aketi kwenye kikao na aulizwe. Wasichana waulizwe na akina mama, pembeni, maana kuna mambo hawasemi mbele ya wazee.

4. Familia nayo iahidi mbele ya kikundi. Kwa binti huyu tumeomba baba yake na baba yake mdogo waseme mbele ya wote kwamba hakuna posa itakayopokelewa mpaka amalize. Pesa ya watu 20 haiwezi kukatizwa na mtu mmoja.

Na wewe binti, au kijana, unayesikia maneno haya: ukikubali diploma leo, hujakatazwa digrii. Umeambiwa tu tuanze pale ambapo tunaweza kukushika mkono mpaka mwisho. Tunajua inauma kuikunja barua uliyoitamani. Ikunje vizuri, uiweke. Ukipata mshahara wa kwanza, uifungue tena.



Nyongeza kabla ya kuchapa: Kikundi kilikaa Jumamosi mpaka magharibi. Pampu imenunuliwa. Binti ameingia hosteli na godoro lake na sanduku lake, na baba yake na baba yake mdogo walisema maneno yao mbele ya wote. Basari imetoa sehemu. Kwa mwaka huu bado wanatafuta 21,000. Mama atapata zamu yake ya ayuto muhula ujao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu kuna kijana aliyeacha chuo kwa ajili ya karo? Tulimchangia mwaka wa kwanza tu? Tunaweza kumsaidia kwa njia gani sasa?

2. Je, tunajua gharama yote ya chuo ambacho mtoto wetu anakitaka, mpaka muhula wa mwisho?

3. Kikundi chetu kinaweza kuahidi kiasi gani kila mwaka bila kuua kazi inayotuletea pesa?

4. Ni nani kati yetu atakayewauliza wasichana, na lini?